Kadi Isiyo na Muhuri

Mama Daktari aliifungua kadi ya chanjo ya mbwa wake, akaigeuza mbele na nyuma. Haikuwa na muhuri hata mmoja.

"Nestori, si nilikutuma umpeleke mjini akachomwe sindano ya kichaa? Kesho tunapanda treni, halafu ndege. Ulaya hawatampokea hivi."

Nestori, mlinzi wake, alilitazama sanduku la mninga alilolitoboa matundu ya hewa kwa mkono wake. Mwezi mzima walikuwa wakimzoesha mbwa kulala humo. Hata sasa alikuwa amejikunja ndani, kidevu juu ya ubao, sikio lililotafunwa na kupe likichezacheza.

"Sikumpeleka, Mama. Nilijua bila sindano atakataliwa, nibaki naye mimi. Tangu akiwa mtoto tunalinda lango hili pamoja."

"Ungeniomba tu, ningekuachia."

Furaha ilimpanda Nestori hadi kooni. Lakini Mama Daktari alikuwa ameketi kwenye ngazi, uso ameufunika kwa ile kadi.

"Wiki iliyopita aling'atwa na mbwa koko, na juzi koko huyo amekufa kwa kichaa," alisema. "Sikuhangaika. Nilijua wetu amechanjwa."

Akainuka, akaingia ndani, akatoka na bomba la sindano.

"Kwa chanjo tumechelewa. Mwite wewe. Umshike kichwa."

Nestori alipiga magoti, akaita kwa sauti ileile ya kumwitia ugali. Mbwa akatoka sandukuni mbio, mkia ukimcheza.