Wino wa Kalamu

Jenista, mhudumu wa chanjo, alimshika mtoto mkono amfute uji, na wino wa kwenye kidole cha mwisho ukabaki kwenye kitambaa.

Akasugua tena. Wino wanaopakwa watoto waliopata matone ya polio haukubali hata sabuni. Huu ulikuwa wa kalamu ya daftari.

“Bibi, ulisema huyu alipewa matone zahanati. Kweli alipewa?”

Bibi wa mtoto aliacha kupepeta maharage. “Usituone wabaya, mwanangu. Unapanda milima yote hii na kiboksi chako, sisi tukikataa utagombezwa na wakubwa zako. Tukaona tuwapake watoto wino wenyewe.”

“Lakini polio inalemaza, Bibi. Nimeeleza mpaka kanisani.”

“Na umeeleza vizuri. Ila kwenye simu wanasema matone yanafunga uzazi.” Akashusha sauti, kwa huruma. “Wewe si ulipewa ukiwa mdogo? Na ndoa yako sasa ina mwaka wa sita.”

Jenista alikunja kile kitambaa chenye wino.

Watoto wa jirani walikuwa wameshafika uani, saba, bila kuitwa. Wakainua juu vidole vyao vyenye wino wamwoneshe, huku wanacheka.