Nyongo ya Dremo

Choezom, mganga wa macho katika mji mmoja wa milimani, alikuwa akitwanga mizizi Lhundup mwindaji alipoingia na kifuko cha nyongo kilichokuwa bado na joto. Mama yake Lhundup alikuwa anapofuka.

"Ni ya dremo, bibi," alisema, akimtaja dubu wa kahawia kwa lugha yao. "Mtengenezee mama dawa."

Choezom alikipokea kwa mikono miwili, kisha akaona madoa ya maziwa kwenye koti la mwindaji.

"Alikuwa ananyonyesha?"

Lhundup akainamisha kichwa. "Nilijua nilipompasua. Lakini mama ni mama, bibi. Ningefanyaje?"

Kwa miaka arobaini Choezom alikuwa amepima nyongo kwa ncha ya kisu bila kuuliza ilikotoka. Alikitundika kifuko kikauke, kwa kuwa mgonjwa alikuwa akingoja. Halafu akajaza kiriba maziwa ya mbuzi, akashika fimbo yake.

"Nipeleke pangoni kwake," alisema.

Walipanda mlima hadi adhuhuri. Mlangoni mwa pango Lhundup aliweka bunduki chini, akapiga magoti, akachovya kidole katika maziwa, akakinyoosha gizani.