Manii ya Majaliwa

Daktari aliyekuwa akiwafundisha wapimaji wapya wa maabara pale Bagamoyo alitaka manii ya mwanamume asiye na kasoro, wazione mbegu zikiogelea kama viluwiluwi. Wote wakamgeukia mwenzao Majaliwa, maana mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba, na mbuzi wa akika alishafungwa uani.

Akaleta yake kwenye kichupa, kifua mbele. Tone likawekwa kwenye kioo chini ya hadubini, akapewa heshima ya kutazama kwanza.

Hapakuwa na hata kiluwiluwi kimoja. Akaifuta lenzi kwa pindo la shati, akainama tena. Maji matupu, yametulia tuli.

"Haya, Bwana Majaliwa, unaona nini?" daktari aliuliza.

Wenzake walishajipanga nyuma yake.

"Tele, daktari. Zinaogelea," alisema, akakichomoa kile kioo na kukipangusa kwa kidole gumba.