Subiri Wimbo wa Saba

"Simu humu," mwimbaji alisema kabla mgeni hajamaliza kuvua viatu, akamsogezea kapu kifuani. Ndani ya kapu ilishalala simu ya mwimbaji mwenyewe, ameikata mlio tangu asubuhi. Hata saa ya ukutani alikuwa ameichomoa betri, maana mdundo wake ulikuwa unagombana na ngoma za wimbo wa pili.

Mgeni akasita, halafu akaiweka simu yake. "Dada, mimi nimetumwa..."

"Najua umetumwa. Nakungoja wewe tu. Kaa hapo, katikati ya spika."

Mgeni akakaa ukingoni mwa kochi, funguo za gari mkononi. Mwimbaji alimkagua akaridhika. Hana daftari wala kalamu. Mhakiki wa gazeti aliyekomaa huyo, anaandika kichwani. Shati lilikuwa limekunjamana mgongoni kama la mtu anayeshinda amekaa, na waandishi si ndiyo kazi yao kukaa?

Siku tatu zilikuwa zimepita tangu mumewe ahamie kwa kaka yake. Alipotoka alisema neno moja tu, kwamba amechoka kuongea na ukuta. Ukuta! Yeye, aliyekesha miaka miwili akitunga nyimbo kumi na moja kuhusu wapenzi wasiosikilizana! Lilimuuma, na lililomuuma zaidi ni kwamba alimtaka arudi, chakula hakipiti, kitanda kimekuwa kikubwa. Basi akapanga hivi: mhakiki aje asikilize, aandike gazetini kwamba hii ni kazi ya mwanamke mwenye moyo, mume asome, aone haya, arudi. Matumaini yake yote yalikuwa yamekaa pale kwenye kochi na soksi yenye tundu.

Akabonyeza. Kinanda kikaanza, kisha pumzi, kisha kinanda.

"Huu hauingii mara moja," alieleza juu ya wimbo wake mwenyewe. "Albamu hii haina haraka. Inamtaka mtu mvumilivu."

"Sawa, dada. Sasa, mzee ameniambia nikuulize..."

"Mzee atasubiri. Maswali mwishoni. Sikia hapa, hapa! Umesikia pumzi ile? Nimeirekodi mara arobaini."

Mgeni akasema ameisikia. Wimbo wa tatu ulimhusu mume anayetazama dirishani mkewe akilia. Wa nne aliurudisha mwanzo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mgeni alikohoa kwenye kiitikio na mara ya pili alifungua mdomo. Kapuni kitu kikatetemeka, kikatulia, kikatetemeka tena. Mwimbaji akalifunika kapu kwa mto wa kochi, asije akaharibikiwa besi.

Wimbo wa tano ulipofika katikati, mgeni alisimama.

"Dada yangu, samahani. Nimeacha gari linaunguruma hapo nje. Na muda, unajua, muda..."

"Humu ndani hakuna muda," mwimbaji alisema, akamwonyesha saa iliyokufa ukutani. Akamshika bega akamkalisha. "Kaka, wote mnakosea hapohapo. Mnachoka wimbo wa tano. Subiri wimbo wa saba, ndipo mambo yanapofunguka."

Alikuwa mtu wa adabu, yule mgeni. Alikaa.

Na wimbo wa saba ulifunguka kweli. Mwanamke ndani yake alikuwa anamsihi mwanamume: niambie lililo moyoni, nami nitanyamaza, sitakukatiza hata mara moja. Mwimbaji alilia waziwazi. Alijionea huruma kwa kukosa mtu wa kumnyamazia hivyo. Mgeni naye alitaka kusema kitu, akaangalia yale machozi, akafumba mdomo na kuinamisha kichwa.

Wa nane ukapita, na wa tisa. Kwenye wa kumi mwimbaji alisimamisha muziki kueleza kwa kirefu kwa nini wimbo huo haukuhitaji maelezo. Mgeni hakujaribu tena. Alikuwa ameegemea kochi, mikono mapajani, amekata tamaa au amezama, na mwimbaji aliamua kwamba amezama.

Wa kumi na moja uliisha taratibu, kinanda kikabaki peke yake, kikakoma. Huko nje gari liliendelea kuunguruma.

"Haya," mwimbaji alisema, akifuta macho. "Sasa ni zamu yako. Usinifiche. Mume wangu akiyasikia haya, si atarudi?"

Mgeni akauinua mto, akatoa simu yake kapuni, akaitazama.

"Nyimbo nzuri, dada," alisema. "Mimi ni dereva wa teksi. Mumeo nimemwacha stesheni na mabegi yake. Simu yako hupokei, akanituma nije nikuulize jambo moja tu, kama unataka arudi nyumbani, maana treni yake ni ya saa tano."

Akamgeuzia kioo cha simu. Ilikuwa saa tano na nusu, na mumewe alikuwa amepiga mara kumi na moja, ya mwisho saa tano kasoro dakika moja.