Kiboko Aliyehamia Mto Mfupi

Kiboko mmoja alihama mto mkubwa wa bara, akahamia kijito kifupi cha pwani, na kila asubuhi akawa anajisaidia majini bila haya.

Kaa, aliyeishi kwenye mikoko pale mto unapoingia baharini, akapanda kumwona. "Bwana mkubwa, uchafu wako unatuangukia sisi. Hebu jisaidie nchi kavu."

Kiboko akacheka. "Yakishanipita hayanihusu. Umeona wapi mto ukirudi nyuma?"

"Haya," akasema Kaa. "Tungoje bamvua."

Mwezi ulipopevuka, bahari ikajaa, ikausukuma mto juu hadi kwa Kiboko. Akaamka uchafu umemfika puani.

"Wa nani huu?" akafoka.

Kaa, aliyepanda na maji, akamjibu kwa adabu: "Wako, bwana mkubwa. Tumekurudishia."