Bolti ya Haro

"Mami, bolti imekatika tena," Kabiru alimwambia bintiye kwenye simu. "Ya tatu tangu asubuhi. Na mawingu yako hapa juu ya kichwa changu."

Sue aliacha sahani kwenye sinki, akaenda nyuma ya jiko la hoteli, mbali na kelele.

Miezi kumi na minne ilikuwa imepita tangu aage nyumbani Mau Narok kwenda Italia na wakala wa kazi za ng'ambo. Baba yake hakuwa mtu wa kupiga simu. Lakini mwezi huu alinunua haro ya mitumba, mashine ya kuvunja madongoa, nayo ilikuja na kitabu cha kurasa tisini, Kiitaliano kitupu. Alipoambiwa atafute mtafsiri Nakuru, alicheka. Wa nini, na ana binti huko huko?

Basi kila siku picha za kurasa zilikuja, na Sue akarudisha tafsiri ya Kiingereza ili Okeyo, dereva wa trekta, aelewe. Haikuwa rahisi. Siku ya kwanza aliandika *coltelli* kuwa *knives*.

"Visu?" Kabiru alifoka. "Tunalima ama tunachinja?"

Okeyo akachungulia chini ya mashine, akasema hizo ni *blades*. Wakacheka, wakaendelea.

Leo hakuna aliyecheka.

"Uliandika *safety bolt*," Kabiru alisema. "Okeyo anasema hiyo lazima iwe ngumu kuliko zote. Ameleta nondo, anataka kuichomelea kabisa."

"Asichomelee, Baba! Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Ikinyesha kabla sijapanda, msimu umeenda. Si uulize Mwitaliano yeyote hapo?"

"Nipe dakika kumi."

Sue alizunguka jikoni kama mtu aliyepoteza ufunguo. *Bullone di sicurezza.* Aliliandika mara tatu kwenye simu, na mara tatu simu ikamjibu *safety bolt*. Nondo ikichomelewa, geabox, lile sanduku la gia, ikapasuka, baba hana nyingine. Na kosa litakuwa lake.

Meza zilikuwa zimejaa madereva wa malori. Alimfuata mmoja, mzee mwenye grisi kwenye kucha, akamwekea simu kando ya sahani. Mzee hakujali maandishi, alitazama mchoro tu. Akachukua kijiti cha meno, akakivunja. Kisha akainua kidole chake kizima, akakichezesha.

Sue akaelewa. Bolti ile imewekwa ili ivunjike. Mashine ikigonga jiwe, bolti inakatika na geabox inapona. Alitafuta tena kwa maelezo hayo, neno likatokea. Akapiga simu.

"Baba, mwambie Okeyo ni *shear bolt*! Iwe laini. Na mtoe mawe, ndiyo yanayoikata."

Alisikia Okeyo akipiga kelele kwa mbali: "*Shear bolt*! Si wangesema hivyo tangu Jumatatu! Mzee, ziko tele stoo!"

Nusu saa baadaye simu ililia tena. Trekta ilikuwa inanguruma nyuma ya sauti ya Kabiru.

"Inatembea, mami! Inatembea kama maji! Hapa walisema nimetupa mtoto kwa kumwachilia aende mbali. Wacha waone sasa."

"Nashukuru, Baba."

"Hata mdogo wako nimemkubalia. Abby alikuwa anasumbua sana. Yule wakala wako anakuja kumchukua kesho asubuhi."

Sue aligeuka kutazama saa ya ukutani.

"Mami? Umesikia? Abby anakuja kwako!"

Alikata simu. Akavua aproni, akaiangusha sakafuni, akatoka mbio hadi kando ya barabara, hapo Mai Mahiu, saa chache tu kutoka nyumbani, alikoachwa na wakala huyo huyo bila kuiona Italia, akaanza kupungia mkono kila gari lililoelekea Nakuru.