Kasuku Abadilishiwa Upande

Wanyama walipokuwa na shule yao, Mwalimu Korongo aliwafundisha Kiingereza kwa midahalo. Siku hiyo mshindi angetumwa kwa mgeni aliyetaka kuizungushia uzio chemchemi yao ya pekee, na mgeni huyo alijua Kiingereza tu.

Kasuku alikuwa amekariri hotuba nzima ya kupinga uzio. Pelele, yule mnyama mdogo wa miambani aliyepangiwa kuutetea, hakutulia kitini. Kila alichoandika alikifuta.

“Badilishaneni upande,” Mwalimu akasema ghafla.

Kasuku akasimama na kutoa hotuba ile ile. Kiingereza chake kilitiririka.

“Umemsaidia mpinzani wako,” Mwalimu akamwambia.

“Mwalimu, mimi nina hotuba moja tu.”

Pelele akainuka. Kwa Kiingereza cha kuungaunga akauliza, “Uzio ukijengwa, ufunguo wa lango atakaa nao nani? Na asipokuwepo, tutakunywa wapi?”

Darasa zima likaanza kunong’onezana. Hakuna aliyekuwa amefikiria ufunguo.

“Pelele ndiye atakayekwenda,” Mwalimu akasema.

“Atatuaibisha kwa sarufi yake,” Kasuku akalalamika.

“Huenda. Lakini mgeni akimjibu, Pelele atakuwa na la kumuuliza tena.”